Furushi la Kanisa Juu ya Baiskeli

Niseme wazi: nilidanganya kanisa. Mwaka 2015 nilikuwa naishi Clintonville, kaskazini mwa Columbus, Marekani, nikifanya kazi ya maabara, na baiskeli ilikuwa imenikolea. Nilitaka kutumia likizo yangu kupanda milima ya Guatemala peke yangu. Lakini ungewaelezaje Wakenya wenzako kwamba mwanamke wa miaka thelathini na minne, hajaolewa, anakwenda kuhangaika na baiskeli milimani bila sababu? Kwetu baiskeli ni ya kubebea maziwa. Mama aliposikia kwenye simu aliniuliza kama nimeuza gari.

Basi mzee mmoja wa kanisa aliponiuliza baada ya ibada, "Na hii safari ni ya mission ama ni holiday tu?" nikajibu, "Ni mission." Jumapili iliyofuata wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea, kisha wakanikabidhi furushi la nguo kutoka kapu la michango, za kuwapa maskini. "Utuletee picha ukiwapatia," akasema yule mzee. "Hata moja tu. Tutaiweka kwa screen." Picha hiyo moja ndiyo ingefunika uongo wangu. Bila picha ningeumbuka mbele ya karibu kila mtu niliyemjua Marekani.

Siku ninayoikumbuka zaidi huko Guatemala ni ya tatu. Nilitoka asubuhi na furushi nimelifunga kwenye keria kwa mipira, na barabara ikaanza kupanda papo hapo, kona juu ya kona. Wanaosifu milima huwa wameiona kwenye kalenda. Mabasi yalinipita kwa fujo, mabasi ya shule ya Marekani yaliyochoka, yakapakwa rangi nyekundu na kijani, na kila moja lilinitemea moshi mweusi usoni. Nilitema mate, yakatoka meusi. Kwenye kona moja palikuwa na mzoga wa mbwa uliovimba, nzi wakiondoka kwake kuja mdomoni kwangu. Mbele kidogo, korongo zuri la misonobari lilikuwa limegeuzwa jalala, linafuka moshi wa plastiki. Nilishuka nikatapika kahawa yote niliyokunywa.

Saa nane mvua ikanyesha, ya baridi kama ya kwetu mwezi wa saba. Furushi lililowa likaanza kunuka. Mwanzoni nilidhani ni mimi, maana nami sikuwa wa kusifiwa. Nikainama nikanusa. Makwapa ya watu nisiowajua yalikuwa yamenisindikiza tangu Columbus.

Penye nyumba moja ya matofali ya udongo, mwanamke aliyekuwa akifuma kitambaa barazani aliniona natetemeka, akaniita kwa mkono. Alikuwa na umri wa mama yangu, amevaa blauzi iliyotariziwa maua kifua kizima. Mume wake alikuwa anapukuchua maharage. Kihispania changu kilikuwa maneno kumi, na chao hakikuzidi sana, kwani wao wana lugha yao ya huko milimani. Aliniweka karibu na moto, akanipa maharage meusi na vichapati vya mahindi. Kisha akaonyesha furushi lililokuwa linachuruzika maji: fungua, tuanike.

Nikafungua. Ndiyo mara ya kwanza niliona nilichobeba. Soksi zisizo na wenzake. Suruali ya ndani ya mtu mzima, mpira umelegea, doa lipo. Bibu la mtoto lenye matapishi yaliyokauka zamani. Sweta ya kijani iliyotoboka kwapani, na hiyo ilikuwa yangu mwenyewe. Niliitupa kwenye kapu la kanisa bila hata kuifua. Mama yangu aliuza mitumba sokoni miaka yote ya utoto wangu. Kila alipofungua robota akakuta uchafu wa namna hii, alisonya akasema, "Hawa watu hawana haya." Sasa hawa watu walikuwa sisi.

Mwenyeji wangu aliinua ile suruali kwa vidole viwili, akairudisha, akaenda kunawa mikono. Aliporudi alizielekezea kidole zile nguo, kisha akanielekezea kifuani. Zako?

Ningemwambiaje kwamba ni zake, nimemletea kwa jina la Bwana? Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, zangu.

Alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuonewa na mtu tena. Akaingia chumbani, akatoka na blauzi nyekundu, nzito, inanukia sabuni na moshi wa kuni. Nilikuwa nimempa mume wake simu anipige picha ya kumbukumbu; naapa ilikuwa ya kumbukumbu tu. Akatupiga picha mkewe akinikabidhi blauzi, kabla hajaiachia, mikono yetu minne juu ya nguo moja. Kisha yule mume akaomba fulana moja katika furushi, akafutia cheni ya baiskeli yangu. Ndiyo nguo pekee iliyopata kazi. Zilizobaki nilizitupa kesho yake kwenye pipa nyuma ya kituo cha mafuta.

Jioni ile ya picha, mtandao uliposhika, niliituma picha kwenye kundi la kanisa bila neno lolote. Majibu yakamiminika. "Amen!" "Mungu akubariki sister." "Cheki vile huyo mama anasmile!" Nikaanza kuandika, "Hapana, yeye ndiye aliyenipa..." Nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta tena.

Jumapili niliyorudi, picha ilikuwa ukutani, kubwa kuliko mlango. Mzee akasimama mbele akasema, "Mwaona? Hiyo blouse ilitoka kwa nyumba ya mtu hapa ndani." Mama mmoja wa safu ya pili akainua mkono, machozi yakimlengalenga, akasema anaikumbuka vizuri, ilikuwa yake. Kanisa zima likapiga makofi.

Mzee akanigeukia. "Si ni ukweli, sister?"

Nikasimama, nikasema ni kweli, na nikamshukuru yule mama kwa blauzi yake.