Siku Tuliyocheza Watano

Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, nilikwenda Mbinga kumtembelea dada yangu. Basi lilifika mapema kuliko nilivyomwambia, nikaamua kutembea kupitia chuoni ili nikione kiwanja cha mpira wa wavu. Hakipo. Pale ulipokuwa mstari wa nyuma, upande wa mteremko, pamejengwa bweni la matofali ya kuchoma, na mahali tulipokuwa tukisimama mashabiki pana kamba za kuanikia nguo. Nilisimama kati ya mashuka mabichi ya watu kama mtu anayetafuta shuka lake. Msichana mmoja akaniamkia, "Shikamoo mama. Unamtafuta nani?" Sikuwa na jibu fupi. Jibu refu ndilo hili.

Kama umekulia kule juu milimani, unaikumbuka miaka ile ya mwanzo ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia na malori yao, kila mmoja na mizani yake. Soda zilirudi madukani, na mitumba ikaja kwa marobota. Hata timu ya wanawake ya chuo cha ualimu ilivaa mitumba: jezi za njano zenye maandishi mgongoni ya lugha ambayo hakuna mwalimu aliyeweza kuisoma. Namba walizishona wenyewe, kwa kitambaa cha pazia.

Nilikuwa na miaka kumi. Jumamosi asubuhi tulichuma kahawa, tukaimenya na kuiosha mpaka vidole vikakunjamana kwa maji baridi, na baada ya hapo nilikuwa huru. Bibi alibeba ndoo ya karanga za kuchemsha kwenda kuuza kiwanjani. Mimi nilikwenda kushangilia tu. Nilizijua namba zote, nilijua nani anapiga kwa mkono wa kushoto na nani anafumba macho mpira unapomjia. Na nilikuwa na siri ya kila shabiki mwenye ndugu kwenye timu: mechi yenyewe haikunishughulisha sana. Nilitaka dada yangu aingie.

Dada alikuwa mchezaji wa akiba. Kwa miaka miwili alikaa kwenye benchi na viatu vya raba vilivyomzidi, amevijaza karatasi mbele, akisimama tu pale wenzake walipohitaji maji. Hakuwahi kuingia, kwa sababu nafasi yake ilikuwa ya namba sita, na aliyeivaa namba hiyo hakuwa na mpinzani. Huyo alikuwa msichana wa Ngumbo, huko ziwani. Alikuwa mrefu, mkimya, na akipiga sevu, ule mpira wa kuanzishia, ulikuwa kama umetumwa mahali. Hata wavu tuliochezea ulikuwa wake: kipande cha nyavu za uvuvi alichokileta kutoka kwao na kukipindia kingo kwa mkono. Siku za unyevu wavu ule ulinuka samaki, na wageni walikuwa wakitutania, "Leo tunacheza au tunavua?"

Likizo ya mwezi wa sita namba sita alikwenda kwao. Alipokuwa akirudi alipanda boti kutoka Ngumbo kwenda Mbamba Bay, ili apate lori la kupanda Mbinga. Mwera ulikuwa unavuma, ule upepo wa kusini ambao watu wa ziwani huuogopa miezi ile. Boti ilipinduka karibu na mawe. Abiria wengine wote walitoka salama. Yeye hakuonekana, si siku ile wala wiki zile tatu zilizofuata.

Jumamosi ya mechi mama yake alifika chuoni kwenye lori la dagaa. Ilikuwa mechi kubwa ya mwaka, dhidi ya chuo kutoka upande wa Songea, na ilikuwa ya mwisho kwa dada, kwa kuwa mwezi uliofuata walikuwa wanamaliza. Bibi na mimi tulikuwa tumeshafika. Mama yule alikwenda moja kwa moja walipokuwa wachezaji wakifunga kamba za viatu. Wote wakasimama, wakamwamkia kwa pamoja. Aliitikia kila mmoja kwa zamu, taratibu.

"Sijaja kulia," alisema. "Kwetu mtu ambaye maji hayajamrudisha haliliwi. Kitanda chake kinatandikwa, na chakula chake kinawekwa. Nimekuja kuomba jambo moja tu. Mahali pake asikae mtu."

Kapteni alimtazama dada. Dada alikuwa tayari amevaa jezi.

"Mama," alisema mwalimu wa michezo, "timu ni watu sita."

"Nyumbani kwangu wavuvi wanaamka kila alfajiri kumtafuta," alijibu. "Wakisikia mmemweka mtu mwingine, watasema hata wenzake wamekata tamaa. Hawatatoka tena."

Kapteni akasema, "Tutacheza watano, mama." Dada akaketi kwenye benchi. Hakuvua jezi. Nilimwonea huruma kwa uchungu ambao sasa unanitia aibu, maana kwa yule mama sikuwa na huruma hata kidogo. Nilimwona kama mtu aliyekuja kutoka mbali kumnyima dada yangu.

Nimesoma sheria za mchezo huo baadaye, mimi mwenyewe, mstari kwa mstari. Mechi ile isingeruhusiwa kuanza. Lakini refa alikuwa mwalimu mwenzao, na wageni walipoambiwa walikubali haraka. Nani anakataa kucheza na watu watano? Mashabiki wao wakaanza: "Wa sita mmemwacha jikoni anachambua mchele?" Bibi akawajibu bila kuinua macho kwenye ndoo yake, "Nyie nunueni karanga, midomo ipate kazi." Mtu akawanong'oneza sababu, na utani ukakoma.

Ukungu ulishuka seti ya kwanza ikiendelea. Unaujua ukungu wa Julai, unavyotoka kwenye ngoro, yale mashamba yetu ya mashimo kule mteremkoni, kana kwamba yanapumua. Uliingia kiwanjani kwa miguu, kwanza ukameza mistari, halafu magoti ya wachezaji.

Niliondoka upande wa mashabiki nikaenda kusimama nyuma ya mstari wetu wa nyuma, karibu na wanapopigia sevu, ili nione. Mama wa namba sita alikuwa amesimama hapo hapo, peke yake. Nilimwamkia. Aliniwekea mkono kichwani kidogo, akauondoa.

Miaka ile ukipoteza sevu hukupoteza pointi. Mpira ulihamia tu kwa wenzio. Na kila mliporudishiwa mpira mlizunguka nafasi, kila mtu akapata zamu yake ya sevu. Kwa hiyo zamu ya namba sita nayo ilifika. Kapteni aliuchukua mpira, akauweka chini nyuma ya mstari, akarudi mahali pake. Refa akapuliza filimbi. Wote walisubiri, watano wa kwetu na sita wa kwao, na katika ule ukimya nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye wavu. Kisha filimbi ya pili, na mpira ukapelekwa upande wa pili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila zamu yake ilipofika.

Mwanzoni wageni walipiga kwenye pengo. Pengo lilihama kila tulipozunguka, nao wakalifuata. Wakachukua seti ya kwanza, kumi na tano kwa tisa. Seti ya pili waliacha. Sikuelewa kwa nini, kwa kuwa pengo lilikuwa wazi mbele yao, nao wakapiga kila mahali isipokuwa pale. Nilimsikia kapteni wao akimfokea mwenzake, "Piga pale hakuna mtu!" na mwenzake akijibu, "Wewe ndiye unayesema hakuna." Tukashinda, kumi na tano kwa kumi na mbili. Mashabiki wetu hawakushangilia kwa nguvu. Watu walikuwa wameanza kusogeleana.

Seti ya tatu sikuona sana. Nilisikia viatu, viganja, majina. Refa alitangaza pointi kwa sauti kwa sababu ubao haukuonekana tena. Tukafika kumi na nne kwa kumi na tatu, sisi mbele, mpira ukiwa kwao. Wakapiga sevu kwenye wavu. Mpira ukarudi kwetu. Pointi moja tu ilibaki. Tukazunguka nafasi, na zamu ya sevu ikawa ya namba sita.

Kapteni alitoka kwenye ukungu, akauweka mpira chini, hatua nne kutoka nilipokuwa. Uso wake ulikuwa umelowa. Alijua, na sote tulijua, kwamba akisubiri filimbi ya pili wageni wanapata sevu, na pengine mechi. Akarudi mahali pake. Filimbi ikalia.

Benchi lilikuwa kulia kwangu. Nilimwona dada kama kivuli, ameketi, mikono kwenye magoti. Nikawaza: mwezi ujao anamaliza. Nikaita. "Ingia! Piga!"

Dada aliinuka. Alikimbia, akauokota mpira, akaurusha juu, na mkono wake ukatua juu yake kwa kishindo ambacho kilikuwa kimesubiri miaka miwili. Mpira ukapotea kwenye weupe. Tukasikia upande wa pili sauti mbili zikisema kwa pamoja, "Wako!" na mpira ukianguka katikati yao.

Wageni walilalamika. Refa alisema mtu wa sita ni haki ya timu, hakuna sheria iliyovunjwa, seti imekwisha. Lakini wa kwetu hawakurukaruka. Kapteni alikuja upande wetu haraka, akipumua kwa nguvu. "Nani ameita? Tulimwahidi mama! Nani ameita?"

Mama wa namba sita alikuwa amegeuka kunitazama. Alichuchumaa mbele yangu, kitenge chake kikagusa majani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ni wewe uliyeita, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Peke yako?"

Kapteni alikuwa amesimama juu yetu. Nyuma yake nilimwona bibi anakuja, na nilijua bibi anavyochapa. Nikafanya kile ambacho kila mtoto aliyekamatwa hufanya: nikatafuta mtu wa kugawana naye kosa.

"Hapana, mama. Tulikuwa wawili."

Alitazama pembeni yangu. Hapakuwa na mtu, palikuwa na ukungu na majani yaliyolala. Alipatazama kwa muda mrefu, kwa namna mama anavyotazama mtoto aliyechelewa kurudi, akihakikisha kwanza kama ni mzima kabla ya kumgombeza. Kisha akainuka, akajifunga upya kitenge.

"Basi," alimwambia kapteni. "Mwenyewe ameruhusu. Mwekeni mtu mahali pake."

Ndipo akaketi chini, palepale kwenye mstari wa sevu, akalia kilio ambacho alikuwa amekizuia kwa wiki tatu. Wanawake wote wa kiwanja wakamwendea, bibi pia, na wageni wa Songea nao. Dada alisimama peke yake ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kana kwamba umeungua. Hakuna aliyenichapa. Hakuna aliyenikumbuka.

Wiki iliyofuata dereva wa lori la dagaa alileta habari. Ngumbo wavuvi wameacha kutoka alfajiri. Matanga yamekaliwa, nguo za msichana zimezikwa mahali pake. Maji hayakumrudisha kamwe.

Nilikua nikilibeba jambo hilo. Nimesoma kuhusu ziwa letu kadiri nilivyopata vitabu: kina chake, baridi ya maji yake chini, muda ambao mtu anaweza kukaa ndani ya maji yale na kuishi. Najua kwa hesabu yoyote ya kawaida kwamba wiki tatu zilikuwa zimepita, na kwamba wavuvi wale walikuwa wanatafuta cha kuzika tu. Lakini utafutaji wao niliusimamisha mimi, kwa maneno mawili ya uongo, ili nisichapwe. Sikumwambia bibi mpaka akafa. Timu ilivunjika chuo kilipobadilisha ratiba, jezi za njano zikawa vitambaa vya kudekia, na kapteni alihamishiwa mkoa mwingine akapotea. Niliona kwamba mashahidi wa mwisho tumebaki mimi na dada.

Kwa hiyo jioni ile, nilipotoka kwenye zile kamba za nguo, nilimweleza. Tulikuwa jikoni kwake tunachambua maharage kwenye ungo. Amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Anajua kusikiliza bila kukatiza. Nilimweleza kwamba sauti iliyomwinua ilikuwa yangu, na kwamba yule wa pili nilimbuni.

Aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe moja dirishani.

"Mdogo wangu, sauti yako naijua tangu unanyonya," alisema. "Nilikusikia. Nikajisemea, huyu mtoto ana wazimu, nitamshughulikia nyumbani. Nikabaki nimekaa."

"Sasa nani alikuinua?"

"Aliyeita baada yako."

Nilisubiri acheke. Dada yangu ni mtu wa utani, hasa kwangu. Aliupepeta ungo, makapi yakaruka mlangoni, akaniuliza kama bado napenda maharage yenye chumvi nyingi.

Kiwanja kimekwenda, na bibi, na harufu ya samaki kwenye wavu, na wale wasichana waliokuwa warefu kuliko milango. Kwa karibu miaka thelathini kitu kimoja cha siku ile kilikuwa bado changu kabisa, uongo wangu, nami niliutunza vizuri kwa kuwa niliujua ulikotoka. Sasa nao sinao. Nilikula maharage ya dada nikiwa nimeupa mlango mgongo, na sikugeuka.