Pembe ya Bati Ambayo Zinaida Hataki Kuitoa

Asubuhi, theluji inaanguka Kaluga, na Zinaida Lukina, fundi wa vifaa vya jukwaani, amejifungia karakanani kwake. Amepakata pembe ya bati yenye urefu wa mkono mzima, anaing'arisha kwa kitambaa.

"Shangazi Zina, fungua bwana! Mazoezi yameanza!" anaita mwigizaji Matvei kutoka ukumbini.

"Waendelee bila pembe," anajibu. "Si wanataka kumcheka kiziwi? Wamcheke mikono mitupu."

Pembe hiyo ni ya mchezo kuhusu Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa mji huu aliyepiga hesabu za roketi watu wakiwa bado wanasafiri kwa farasi. Ugonjwa wa utotoni ulimharibu masikio, akajitengenezea pembe za bati za kusikilizia. Aliandika pia hadithi za watu waliofika mwezini. Malipo yake ni kugeuzwa yeye mwenyewe hadithi: kizee kichaa juu ya baiskeli, pembe sikioni. Mimi ninayeandika haya ni mzaliwa wa hapa, na kizee huyo amenichosha.

Katika mchezo huu, ulioletwa na mwongozaji Gleb Voronin kutoka Moscow, wafanyabiashara wanapokezana kumtukana mwalimu ndani ya pembe. Yeye anadhani anasifiwa, anainama kushukuru. Hapo ndipo watazamaji wanatakiwa kuvunjika mbavu.

Zinaida ana miaka sitini na moja. Sikio la kulia aliliacha kiwandani, alikokuwa akigonga mabati, na la kushoto linasaidiwa na mashine ndogo ya kusikilizia.

"Nimeinama hivyo hivyo kuwashukuru watu nisiojua wamesema nini," anasema. "Dukani, kwa daktari, hata kwenye harusi ya mwanangu. Wakacheka. Sasa nitengeneze kwa mikono yangu kitu cha kunichekea?"

Voronin anafika mwenyewe, karatasi za mchezo mkononi, buti zikimwaga maji ya theluji. Zinaida anafungua mlango, pembe kifuani.

"Zinaida Prokofyevna, toa hiyo pembe au nenda nyumbani!"

"Naenda nayo. Bati lenyewe nimeling'oa kwenye bomba la maji ya mvua nyumbani kwangu."

Voronin anarusha mikono kwa hasira na karatasi zinamponyoka. Ukumbi mzima unamgeukia. Kwenye majumba yetu ya michezo, aliyeangusha karatasi za mchezo huzikalia hapo hapo, la sivyo mchezo nao utaanguka. Hakuna mkubwa wala mdogo. Voronin anatazama sakafu iliyolowa, anatazama suruali yake nzuri, kisha anakaa.

Zinaida haipotezi nafasi. Anamtia pembe sikioni.

"Matvei, sema maneno yako."

"Shangazi, huyu ni bosi..."

"Sema!"

"Punda mzee wee!" Matvei anapiga kelele ndani ya pembe.

Voronin analishika sikio, anaguna. "Inauma, mama!"

"Eh! Na mwalimu ingemuuma. Angejua kabisa anatukanwa. Kiziwi si mjinga, kijana."

"Haya, angefanya nini?" anauliza Voronin, bado yuko chini.

Zinaida anachomoa mashine sikioni, anaitia mfukoni mwa aproni na kuanza kufagia. Voronin anaendelea kuongea. Ufagio unaendelea. Matvei ndiye anayeanza kucheka, na baada ya muda hata aliyekaa chini anacheka.

Mchana wanajaribu upya. Safari hii, matusi yanapoanza, mwalimu anaishusha pembe. Papo hapo sauti zote zinakatika: wafanyabiashara wanabaki na midomo wazi, mishipa imewatoka shingoni, na yeye anarudi kuchora roketi yake. Wafagizi wa ukumbi wanacheka hadi machozi, na wanaochekwa si mwalimu. Ninakiri moyo wangu ulifurahi.

Hata hivyo Voronin bado hajaahidi kuiacha hivyo. Anasema ataamua kabla ya onyesho la kwanza, Jumamosi. Zinaida ameshaomba viti vya mbele, chake na vya wenzake wa chama cha viziwi.

Nahamia upande wake wa kushoto, namuuliza: wakirudisha matusi je?

"Napanda jukwaani mbele ya watu wote, nachukua pembe yangu," anasema, akiligonga bati kwa kucha. "Wapige kelele wanavyotaka. Mashine nitakuwa nimeshaivua."