Mama na mke wangu walivyoiadhibu migomba kwa njaa kwa sababu ya kuheshimiana

Wakuu, salaam kutoka Bukoba. Mvua imetoka kunyesha sasa hivi, nimekaa barazani na chai yangu, roho safi kabisa.

Mimi humu ni msomaji kuliko mwandishi. Ila juzi niliona watu wanabishana kwenye uzi mmoja kwamba masomo ya sekondari hayana faida nyumbani, na ecology ikatajwa kama mfano wa kukariri mambo ya bure. Nikasema hapana, hili nina la kuchangia.

Nasimulia lilivyotokea. Picha sina, lakini migomba ipo, anayebisha apite Kitendaguro aione.

Iko hivi.

Mimi nina kaduka ka vifaa vya umeme Rwamishenye. Mke wangu, Mama Koku, ni mwalimu wa biology. Tulijenga Kitendaguro. Wakati wa kusawazisha kiwanja tulileta katapila, likakwangua udongo wote wa juu na kuusukumia bondeni, kikabaki kiwanja chekundu, kimenyooka kama meza. Tukaweka pavingi mbele, nyuma tukaacha wazi. Watu wakija wanasifia.

Mama yangu alikuwa Muleba, kijiji cha upande wa Kamachumu. Mzee alishafariki, mama akabaki peke yake kwenye kibanja. Kwa wasiojua, kibanja cha Mhaya siyo shamba tu. Ni nyumba, migomba, kahawa, maharage katikati, na makaburi ya waliotangulia. Vyote pamoja.

Basi mama akateleza kisimani, nyonga ikaumia. Nilipokwenda nikakuta anapika akiwa amekaa chini kwa sababu kusimama hawezi. Wakuu, niliumia sana. Nikamwomba aje akae kwetu moja kwa moja, na kibanja kikabaki na binamu yangu Rwegasira.

Alikubali shingo upande. Alikuja na begi la safari, panga, na machipukizi ya nshakala aliyoyafunga kwa majani ya migomba. Nshakala ni aina ya ndizi zetu za kupika, na mama anasema ukimpikia mgeni ndizi nyingine yoyote lazima umwombe samahani.

Nyonga ilipopona akayapanda nyuma ya nyumba. Akaniambia kwa utulivu tu kwamba yakikubali, atakaa. Yakikataa, basi ardhi ya hapa haimtaki, atarudi kwake.

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Na begi lake hakulifungua lote. Alitoa nguo za wiki na kitabu cha nyimbo cha kanisani, vingine vikabaki ndani, begi chini ya kitanda, zipu imefungwa. Mama Koku aliliona wakati anabadilisha mashuka, akaniita nilione.

Sasa migomba.

Wakuu, migomba ile ilikuwa aibu. Mvua inanyesha, jua lipo, lakini majani yanatoka madogo, ya njano pembeni, shina jembamba kama mkono wa mtoto. Kila asubuhi mama anaiangalia, halafu anaangalia upande wa barabara ya Muleba. Rwegasira akipiga simu anamuuliza hali ya chumba chake, kama paa linavuja. Nikajua huyu anaondoka.

Nikanunua mbolea ya dukani nikaweka. Migomba ikapata kijani kidogo, mvua kubwa ikaja ikaisomba mbolea yote. Udongo ule ulikuwa haushiki kitu.

Hapa niweke kitu pembeni ili mnielewe. Mama yangu ana adabu za zamani. Kwake, mwanamke akienda kwa mkamwana wake haendi kutawala. Anasaidia na hasemi sana. Tangu siku za mwanzo alikuwa anasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa kuwa jembe sikumpa, alichukua ufagio. Kila alfajiri anafagia mbele, anafagia nyuma, anafagia mpaka chini ya migomba. Majani makavu, maganda ya ndizi, nyasi, kila kitu kinaingia kwenye kiroba kusubiri gari la taka.

Uwanja wetu ulikuwa unang'aa. Mke wangu naye akawa anajitahidi asiangushe hata ganda la karanga, akidhani mama mkwe wake ni mtu wa usafi uliopitiliza. Walikuwa wanaogopana hawa, kila mmoja kwa mapenzi yake.

Sasa jumamosi moja Mama Koku amekaa hapa hapa barazani anasahihisha mitihani. Mimi natengeneza pasi. Akaanza kucheka peke yake. Kumbe kulikuwa na swali: ni nini kitatokea kwenye ecosystem kama decomposers wote wakiondolewa? Decomposers ndio wale wadudu, minyoo, ukungu na bakteria wanaoozesha vitu na kuvirudisha kuwa chakula cha mimea. Mwanafunzi mmoja alikuwa amejibu kwamba dunia itakuwa safi sana.

Akanisomea, tukacheka wote. Akamwekea mkasi mwekundu, yaani kosa.

Halafu akanyanyua macho. Mama alikuwa ameinama chini ya migomba, anafagia majani makavu kuyaingiza kwenye kiroba.

Mke wangu akaacha kucheka. Akaweka kalamu chini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Koku, huyu mtoto ameandika habari za nyumba yetu."

Akanieleza. Mgomba unakula udongo, sisi tunakula ndizi, kuku anakula mabaki. Wote mwisho tunatakiwa kurudisha, na wanaorudisha ni hao waozeshaji. Kwetu katapila liliwaondoa wote siku moja, na waliojaribu kurudi hawakuti chakula, kwa sababu kila kinachoanguka kinaondoka na gari la manispaa. Mzunguko umekatika. Tunaichukulia migomba na hatuirudishii.

Nikamwambia basi kamwambie mama aache kufagia. Akanitazama kama vile mimi ni mtu nisiye na mama.

Na kweli, utamwambiaje mama mkwe aache kufagia? Atasikia kwamba hata hicho anachokiweza hakitakiwi. Jioni hiyo hiyo begi lingetoka chini ya kitanda.

Mke wangu akafikiri usiku, asubuhi akafanya jambo ambalo mimi nisingeliweza. Alimenya ndizi za mchana, akachukua maganda yote kwenye beseni, akaenda nyuma mbele ya macho ya mama, akayamwaga chini ya mgomba. Chini palipofagiliwa muda ule ule.

Mama akashika kiuno. "Mae waitu, Mama Koku, unachafua kwako?"

"Mama, hapa ni kwako pia. Hii migomba ina njaa, na wanaoinyima chakula ni mimi na wewe."

Mama akayaangalia yale maganda. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka. Alisema, "Kibanja hakifagiliwi, mwanangu, najua. Nilifagia kwa sababu hapa niliona siyo kwenye kibanja. Ni kwa watu."

Mke wangu akamwambia na yeye alidhani mama ndivyo anavyopenda. Wakaangaliana, wakaanza kucheka, wale wawili, mpaka mama akakaa kwenye pavingi. Nilirudi ndani nikajifanya natafuta bisibisi.

Baada ya hapo nilikuwa dereva tu.

Nikaazima kirikuu cha rafiki yangu, kale kagari kadogo ka mizigo, tukaenda Muleba wote watatu kufuata udongo wenye waozeshaji wake. Mama alichagua mwenyewe mahali pa kuchimba, chini ya mti wa kivuli nyuma ya jiko lake la zamani, udongo mweusi, unanukia. Minyoo kibao. Mama Koku, na sketi yake ya kanisani, anashangilia kila mnyoo kama mtu aliyeokota senene. Tulijaza viroba vya udongo, tukapitia rweya, yale maeneo yetu ya nyasi, tukakata nyasi za kutandaza.

Walibishana kidogo. Mama alikuwa anatandaza mpaka kwenye shina, mke wangu akasema acha nafasi, fukusi wanaotoboa mgomba wanapenda kujificha hapo. Mama akasema ametandaza hivyo tangu hajaolewa. Mwisho wakagawana migomba, kila mtu na mtindo wake. Sitawaambia nani anaongoza kwa sababu nakula kwa wote wawili.

Haikuwa muujiza, ilichukua muda. Ila jani la kwanza pana lilipofunguka, mama aliniita nitoke bafuni kuja kuliona.

Sasa hivi nyuma ya nyumba ni mji. Kuna vyura, kuna ndege siwajui majina, kuku wanachakura kutwa. Mwezi uliopita mwewe alishuka akabeba kifaranga. Mimi nikakasirika, mke wangu akafurahi, akasema food chain imekamilika mpaka juu. Mama naye akasema mwewe hapotezi muda wake pasipo na watu, hata yeye amejua kuna nyumba hapa.

Kilichobaki ni lile begi. Sikutaka kuuliza, unajua mambo haya ukiyauliza unayaharibu.

Wiki hii narudi kutoka dukani, nakuta mama anatoka kwa jirani mwenye ng'ombe, anatembea taratibu na nyonga yake, amebeba kitu begani. Nikamkimbilia kumpokea. Lilikuwa begi la safari. Zipu wazi, limejaa samadi mpaka juu.

Nikamuuliza nguo zake ziko wapi. Akasema ziko kabatini, zikae wapi kwingine.

Nilichojifunza wakuu: jani kavu likianguka kwako, liache lioze hapo hapo, lina kazi. Na mtu wako akiwa msafi kupita kiasi nyumbani kwako, usimsifie haraka. Huenda bado anajiona mgeni.

Walimu wa bio nirekebisheni nilipokosea. Wa Muleba, Karagwe, Rungwe na kwingine kwenye migomba, tupeni mbinu zenu za kutandaza tumalize huu ubishi wa nyumbani.

Na anayejua namna ya kutoa harufu ya samadi kwenye begi anisaidie. Mwenyewe anasema nisijisumbue, hana safari.