Nilivyomkomboa Bibi wa Jikoni

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuitembelea ile nyumba ya zamani ya Mbelgiji mkoloni, hapa Gisenyi kando ya ziwa, ambayo sasa ni makumbusho. Mwongozaji alituonyesha sebule, piano na kofia za jua za bwana mkubwa. Tayari nilikuwa nimekasirika. Kisha tukafika jikoni. Ukutani kulikuwa na kibao: "Jiko la watumishi." Chini yake bibi kizee amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage, na watalii wanampiga picha!

Nikafoka kwa Kiswahili changu cha Tanzania. "Hata leo mnatuweka kwenye maonyesho? Mama wa watu kama huyu, hamwoni haya?"

"Mama, ngoja kwanza nikuelezee," mwongozaji akasema.

"Huna la kunielezea!"

Watalii wakashusha kamera zao. Nikajiona shujaa kabisa. Nikamshika bibi mkono, nikamnyanyua, maharage yote yakamwagika sakafuni, nami nikamwongoza hadi getini huku nikiendelea kuhutubia kuhusu utu na heshima.

Getini akasimama, akihema.

"Mwanangu, unanipeleka wapi?"

"Nakurudisha kwako, bibi. Hutawapikia tena watu hawa."

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa.

"Bon, sikia. Kwangu ni hapa. Hii nyumba bwana yangu, baba ya watoto yangu, alinunua zamani kwa ule Mbelgiji, na hawa wageni ni mi mwenyewe niliwaalika wakule. Sasa chakula yao umemwaga, na mi unanifukuza kwangu?"