Apate Kumeza

Mama yangu hakupenda maombi ya jumla. Kina mama wa ushirika walikutana kila Jumatano saa kumi jioni katika chumba chetu cha kupanga pale mtaani Huruma, Eldoret, na mtu akisema tu, "Mniombee, siko sawa," Mama alimkatiza palepale.

"Hauko sawa wapi? Ukienda kliniki unamwambia daktari unaumwa mahali fulani? Sema ni goti. Sema ni goti la kushoto."

Wenzake walicheka, lakini goti lilitajwa. Aliyeleta habari za mume mlevi aliulizwa anakunywa nini, wapi, na anarudi nyumbani saa ngapi. Mama aliamini kwamba mtu asiyetaja jambo kwa usahihi hajaamua bado kama anataka lipone.

Naanza na tabia hii kwa sababu usipoijua utamdhania mtu wa udaku, na hakuwa hivyo. Hakuwa na shamba wala ng'ombe. Tulikuja Eldoret kutoka magharibi tukiwa na magodoro mawili na sufuria. Kitu kimoja alichokuwa amejijengea hapo mtaani ni kwamba akisema jambo mbele ya Mungu, watu waliliamini. Wanawake waliokuwa hawasalimiani walipatanishwa kwa neno lake. Habari hii ni ya jinsi neno hilo lilivyoharibika, na mkono wangu ulikuwamo.

Alifanya kazi ya upishi nyumbani kwa tajiri mmoja. Sitamtaja, kwa kuwa watoto wake hawakunikosea. Alikuwa na kinu kikubwa cha unga, malori ya kubeba mahindi, duka la vifaa vya ujenzi, na kiti mstari wa mbele katika kila mkutano wa chama. Wakulima walimpelekea mahindi, vijana wa mtaa wetu walipakia magunia yake, na sisi wengine tulikula unga wake. Kila mtu alimwita Mzee, na ukisema Mzee bila kuongeza kitu, mji mzima ulijua ni nani.

Kisha ukapita kama mwezi mmoja kiti cha mbele kikiwa kitupu.

Msomaji kijana, labda utashangaa jambo hilo lilivyotutikisa. Miaka ile chama kilikuwa kimoja, na magazeti hayakuandika kwamba mtu mkubwa anaumwa. Redio ilitaja nani amefungua nini, na nani alikuwa ameandamana na nani. Yaliyobaki tuliyasoma wenyewe: kiti kilicho wazi, gari lililopita na mapazia yamefungwa, daktari aliyeonekana akinunua petroli mara mbili kwa siku moja. Tulikuwa wasomaji hodari wa vitu vidogo, na kama wasomaji wengi hodari, tulisoma hata visivyoandikwa.

Kwenye foleni ya posho mill, kinu kidogo cha kusagia mahindi mtaani, nilikopita kila asubuhi nikienda kufundisha shule ya msingi upande wa Kimumu, niliyasikia yote.

"Amewekewa kitu kwa chai huko Nairobi. Alikuwa amekaribia wakubwa sana."

"Wacha! Amekimbia. Kinu kimeuzwa kwa Mhindi."

"Ni ule ugonjwa mpya. Si mnajua vile alikuwa na wasichana Kisumu?"

"Wewe ulijuaje? Ulikuwa umewashikia taa?"

Walicheka wote, kisha mtu akakohoa kwa sababu kijana wa chama alikuwa anapita, na mazungumzo yakageuka kuwa ya mvua.

Mama hakusema lolote. Hata mimi binti yake hakuniambia. Alirudi saa tisa kila siku, akavua viatu, akaketi bila kuwasha jiko. Nilipomuuliza, alisema tu kwamba kazi imekuwa kidogo, na kwamba kazi kidogo inachosha.

Jumatano moja walikuwa wanawake tisa chumbani. Zamu yake ya kutaja haja ilipofika, alifanya kama alivyowafundisha wengine.

"Tumwombee Mzee wangu wa kazi," akasema. "Apate kumeza. Uji nauchuja kwa kitambaa mara mbili, na bado unarudi."

Wakaitikia amina. Wakaomba vizuri, wengine kwa machozi. Nilikuwa pembeni nikisahihisha madaftari, na ninakiri kwamba nami niliona ni ombi zuri.

Ijumaa asubuhi nilipofika posho mill nilisikia, "Koo imefunga kabisa. Uji inachujwa kwa kitambaa mara mbili na bado inarudi."

Nikasimama. Ya sumu na ya wasichana yangeweza kutoka kwa yeyote. Kitambaa kilitoka chumbani kwetu.

"Si alimeza mashamba ya watu pamoja na miti na ua?" mwanamume mmoja akasema. "Sasa uji ndio inamshinda?" Safari hii kicheko kilikuwa kirefu, na hakuna aliyekohoa.

Nilimweleza Mama jioni hiyo. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua ilhali amekaa ndani yake na haoni moshi.

"Nilimwambia Mungu," akasema.

"Na wanawake tisa, Mama."

"Wale walikuwa wanaomba na mimi."

Jumamosi mchana walikuja wageni wawili. Mmoja alikuwa meneja wa wafanyakazi wa Mzee, mtu mpole aliyemfahamu Mama kwa miaka. Wa pili alivaa kaunda suti ya kijivu na hakutambulishwa. Mama aliwapa chai. Meneja alieleza kwamba wakulima wa Moiben wameanza kuzuia mahindi yao, madereva wanauliza maswali, na kuna watu wanaomtakia Mzee mabaya ambao wangefurahi kusikia habari za koo lake.

"Hakuna mtu amekukasirikia, Mama," akasema. "Tunajua moyo wako. Lakini uliomba mbele ya watu. Sasa kesho, wakati wa ushuhuda, unashukuru mbele ya watu."

"Nishukuru nini?"

"Kwamba amepona."

"Lakini hajapona, Bwana Meneja. Si wewe mwenyewe ulikuwa pale jana?"

Yule wa kaunda suti akaweka kikombe chini. Swali lake lilikuwa moja tu, na aliniuliza mimi. "Mwalimu, wewe unafundisha shule gani?"

Nikaitaja, ingawa niliona wazi kwamba anaijua. Nilikuwa mwalimu asiye na cheti. Barua moja fupi ingetosha kuniondoa.

"Mwalimu atakuandikia," meneja akasema akiinuka. "Fupi. Watu wa kanisa wanapenda ushuhuda mfupi."

Walipoondoka Mama alisema, "Kazi waichukue. Sitasimama pale mbele niseme uongo."

Ningemwacha hapo, ningekuwa na kumbukumbu nyingine leo. Lakini nilikuwa na woga, na pia nilikuwa na kipaji cha kueleza mambo, na hivyo viwili vikikutana ndani ya mtu, wenzake wako hatarini. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, kama nilivyokaa na watoto wa darasa la nne waliokuwa wanaogopa hesabu za sehemu.

"Mama, jana Mzee alimeza chochote?"

"Vijiko vitatu."

"Vilirudi?"

"Vya jana havikurudi."

"Basi anameza. Kidogo ni kidogo, lakini si sufuri. Hatutasema amepona. Tutasema alimeza."

Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika: *Jumatano tulimwomba Mungu ili Mzee apate kumeza. Juzi alimeza. Bwana asifiwe.* Mama alisoma mara mbili, midomo ikisogea.

"Kila neno ni kweli," nikamwambia kwa upole, nikimtia moyo.

"Kila neno, ndiyo," akasema. "Na yote pamoja?"

Nilianza kupiga pasi nguo zake za Jumapili.

Kanisani alisema maneno yale bila kuongeza hata moja. Kabla hajafika kwenye kiti chake, watu walikuwa wamesimama wanaimba. Wanawake wa ushirika walilia. Waliona maombi yao yamefika. Meneja, safu ya tatu, alipiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa. Kufikia jioni Huruma ilisema Mzee amekula ugali. Kufikia Jumatatu alikuwa amekula nyama, tena ya mbuzi, akaomba nyingine. Mahindi yakaanza kushuka tena kutoka Moiben.

Na mahindi hayakuja peke yake. Jumanne ya wiki iliyofuata, Mama akiwa ndio kwanza amerudi kutoka kazini, alibisha hodi mwanamke mmoja wa makamo. Alikuwa na mtungi wa maziwa mkononi na mumewe nyuma yake. Mume alikuwa mrefu, koti limemzidi, shingo imefungwa skafu. Walikuwa wakulima wa kutoka ng'ambo ya Moiben. Walikuwa wamesikia habari za ushuhuda kwenye kituo cha kupokea maziwa.

"Mama, tumetafuta hii nyumba tangu asubuhi," mwanamke akasema. "Yake ni kama ya Mzee. Chakula haipiti. Daktari ametupatia barua ya Nairobi, lakini tumesema tuanze na wewe. Nairobi ni mbali, na hatujui mtu."

Mama alimpa yule mume maji. Akamwangalia anavyoinamisha kichwa upande kabla ya kunywa, anavyongoja, anavyofuta midomo. Nilimwona Mama akiyatambua yote, kitu kimoja baada ya kingine.

"Hiyo barua iko wapi?"

"Hii hapa."

"Nendeni Nairobi. Msilale nyumbani kwanza."

"Tutaenda, Mama, kama maombi itakataa. Omba tu."

Mama aliitazama barua. Angeweza kuomba. Ingekuwa rahisi, wangeondoka wakimbariki, na jina lake lingebaki zima kwa wiki chache zaidi. Kuta zetu zilikuwa za mbao na mabati, na upande wa pili majirani walikuwa wameacha kuongea ili wasikie.

"Yule Mzee hajapona," akasema kwa sauti ya kawaida. "Mimi ndiye ninayempikia. Siku ile alimeza vijiko vitatu. Leo hata kimoja hakikupita. Mimi nitawaombea mkiwa njiani mnaenda Nairobi. Hapa sitaomba, kwa sababu nikiomba hapa mtarudi nyumbani."

Mwanamke aliniangalia mimi, kisha Mama, kisha mtungi wake.

"Ni kwa sababu tumeleta maziwa tu?"

"Hapana, mwanangu."

"Tajiri umemwombea mpaka akakula nyama. Sisi watu wa jembe ndio unatufukuza?"

"Niliyosema kanisani..." Mama akaanza, akakwama. Nilikuwa nimekaa kitandani hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na sauti, na nilijua kila kilichotakiwa kuelezwa. Nikanyamaza.

Mume akamgusa mkewe bega. "Twende," akasema, kwa sauti iliyokuwa karibu haipo. Waliacha maziwa mlangoni.

Kufikia jioni maneno mawili yalikuwa yanatembea Huruma. Moja: mpishi amekubali kwamba Mzee anakufa. La pili: huyo mama huwaombea matajiri, maskini anawafungia mlango. La kwanza lilifika kwa meneja, na Alhamisi Mama aliambiwa getini kwamba amepatikana mpishi mwingine. La pili ndilo lililommaliza. Jumatano iliyofuata tulipanga viti, chai ikachemka, na hakuna aliyekuja. Ushirika ulikuwa umehamia nyumba nyingine bila mtu kutangaza. Mama alikunywa kikombe kimoja, akavirudisha viti ukutani.

Barua ya kuniachisha kazi haikuja. Niliendelea kufundisha.

Mzee alifariki kabla mwezi haujaisha. Redio ilisema ni baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mji ulisema mengi zaidi: kwamba jeneza lilizikwa na mawe matupu ndani yake, kwamba yuko Ulaya, kwamba mpishi wake alijua. Malori yalijaa watu kwenda mazishini. Mama alifua nguo siku hiyo.

Wakati wa kuvuna, mwalimu mwenzangu aliyetoka upande wa Moiben aliniambia kwamba yule mkulima naye amekufa. Hawakuwahi kwenda Nairobi. Nilimweleza Mama. Alikaa, akaomba kwa sauti ya chini maneno ambayo sikuyasikia, kisha akasema, "Nenda ukawaeleze."

"Twende wote."

"Nikienda mimi wataona nimekuja kujitetea. Halafu yale maneno yalikuwa yako."

Nilienda Jumamosi. Niliwakuta wawili uani, mjane na mama mkwe wake, wakipukuchua mahindi juu ya turubai. Walinipa kigoda na chai yenye maziwa mengi. Nikawaeleza tangu mwanzo, polepole, bila kuruka: kitambaa, meneja, mtu wa kaunda suti, vijiko vitatu, karatasi niliyoichana kwenye daftari. Mjane alisikiliza mikono ikiwa imetulia.

"Kwa hivyo hata yule hakupona," akasema.

"Hakupona."

"Na Mama hakutukataa."

"Aliogopa mngerudi nyumbani."

"Tulirudi nyumbani," akasema.

Mama mkwe hakuwa ameacha kupukuchua hata mara moja. Sasa aliinua macho. Alikuwa mzee sana, na Kiswahili chake kilikuja kimoja kimoja.

"Na haya ya leo, nani amekuandikia?"

"Hakuna, Mama. Ni yangu."

Akarudisha macho chini, akachukua hindi lingine.