Nyumba ya Mama Hawo Imefika Leo, Nayo ni ya Zamani

Jamani nielezeni, nyumba mpya ni ipi?

Leo tulikuwa barazani hapa Garsen. Chifu akatangaza kwamba ni marufuku kujenga nyumba mpya mjini mpaka mpima ardhi amalize kugawa viwanja. Watu wamezidi, anasema.

Wenye maduka wakapinga. Mimi nikaunga mkono kwa sauti kubwa, maana nyumba ninayo.

Tukiwa tunabishana, akaja Mama Hawo, Muorma, mfugaji wa kuhamahama, anahamia mjini na punda wake. Akashusha miti na mikeka ng'ambo ya barabara, akaanza kuinua nyumba. Chifu anamtazama.

"Mama, hukusikia? Nyumba mpya hakuna."

"Mpya gani, bwana chifu? Miti hii mama yangu alinipa siku naolewa. Wewe hujazaliwa."

Wazee wakaenda kuishika miti. Nyeusi kwa moshi wa miaka. Wakakubaliana kwamba nyumba ni ya zamani.

Nikacheka. Chifu akanigeukia.

"Na wewe, ule udongo mbichi kwako?"

Nikamwambia mafuriko yaliangusha ukuta, naurudishia tu. Nyumba iko pale pale tangu nioe.

"Fito mpya, udongo mpya. Hiyo ni nyumba mpya. Simamisha."

Sasa nimekaa kwenye nyumba ya kuta tatu na sielewi kitu. Iliyofika leo ni ya zamani. Isiyowahi kuhama ni mpya.

Mke wangu hayupo. Yuko kwa Mama Hawo, anafundishwa kukunja miti ya nyumba kama ile.

Mngekuwa mimi, mngemfuata?