Safari ya Kukitafuta Kitako cha Chungu, Ifakara

Wasomaji wapenzi, mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nne, na kalamu naishika kama mwiko.

Nilisafiri kwa sababu vyungu vyangu vilikuwa vinapasuka. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, akanifundisha kuchagua udongo, kuinua ubavu na kulainisha mdomo. Lakini kwetu msichana haonyeshwi kufunga kitako mpaka aposwe. Ikifika hapo, mama alikuwa akinituma kuni. Masika yaliyopita akafariki, nami sijaposwa. Wafinyanzi wengine hawamfundishi mtoto wa mwenzao. Nikabandika vitako kwa kubahatisha, na vyote vikapasuka motoni. Baba akasema, "Kikipasuka kingine, acha udongo, shika jembe." Ndipo nikasikia kwamba chungu kimoja cha mama kimewekwa Ifakara, katika nyumba ya mawe wanamokusanya vitu vya kale.

Alfajiri niliondoka Lupiro kwa miguu pamoja na wanawake waliobeba mchele. Njiani walizungumza sana, mimi nikawa wa kuitikia tu.

Kivukoni tulisubiri pantoni huku jua likipanda. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu. Mvuvi mmoja aliniuliza, "Dada, unakwenda kuolewa mjini?" Watu wakacheka. Nikatazama miguu yangu mpaka ng'ambo.

Mjini Ifakara nilifikia mtaa wa Mlabani kwa shangazi, dada yake baba. Mchana uleule akanionyesha ile nyumba. Ilijengwa zamani za Mjerumani kuwekea pamba: kuta nene, madirisha madogo, na ndani baridi kama kisimani. Kulikuwa na mikuki, ngoma na mtumbwi uliotoboka. Chungu cha mama kilikuwa mezani. Nilikitambua kwa michoro ya shingoni.

Mlinzi alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya kaki.

"Shikamoo, babu. Naomba kukishika kile chungu."

"Marahaba. Hapa ni macho tu, binti. Mikono iache nyumbani."

Kutoka nje chungu ni chungu tu. Siri ya kitako iko ndani, na ndani hakuonekani, kunapapaswa. Sikuweza kumweleza. Nilirudi kwa shangazi nikilia.

"Mzee wa kofia ya kaki?" shangazi akauliza. "Yule si Mngoni? Kabila lao ni watani wetu tangu zamani! Mtani haombwi, mwanangu. Mtani hutukanwa, halafu hunyang'anywa."

"Siwezi, shangazi."

"Basi nenda kalime."

Asubuhi nilirudi peke yangu. Njia nzima nilikuwa nikijifunza maneno. Nilipofika mlangoni sikuamkia. Nikasema, "Mngoni, toka hapo."

"Unasemaje? Sisikii."

Nikapaza sauti mpaka kuta zikaitika: "Nasema toka hapo, Mngoni! Nani alimpa mwizi ulinzi? Babu zako walikula ng'ombe zetu, wewe sasa unakalia chungu cha mama yangu, na hata ugali hujui kusonga!"

Mzee alinitazama. Halafu akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Kumbe nyie wala kambale wa mtoni mna mdomo! Jana ulijificha wapi? Haya, njoo. Nitakishika mimi, wewe tia mkono. Lakini kikivunjika nitakufa kwa hofu, na wewe ndiye utakayenizika."

"Nitakuzika bila sanda," nikamjibu. Akacheka tena.

Nikafumba macho, nikatia mkono. Nilitafuta mahali kitako kilipobandikwa, nisipate. Badala yake nilikuta mifereji ya vidole vya mama, yote ikitoka ubavuni na kukutana katikati, kama marinda ya mfuko uliokazwa kamba. Kumbe hakubandika kitu. Aliuacha ubavu mrefu, akaukunja, akauvuta udongo uleule mpaka ukafunga. Nikaweka vidole vyangu katika mifereji ile, kimoja kimoja, mpaka mkono ukashika njia.

"Umepata?" mzee akauliza taratibu.

"Nimepata, babu. Shikamoo."

"Sasa ndiyo unaniamkia! Marahaba, mtani."

Nilivuka Kivukoni siku iliyofuata. Nyumbani sikupumzika, nikafinyanga na kufunga kitako kama mkono ulivyokumbuka. Tulipokitoa motoni, baba alikigonga kwa ukucha, kikalia vizuri.  Alikijaza maji, akangoja aone kama kitavuja, kisha akamwita mdogo wangu alete mchele.

Nimejifunza kwamba haya hazimlindi mtu na njaa, na kwamba mkono wa mama unaweza kufundisha hata yeye akiwa hayupo. Tena nimeamua jambo, ingawa wakubwa watanung'unika. Kama yupo msichana msomaji aliyeachwa na mamaye kabla ya kufundishwa kitako, aniandikie, Lupiro. Naandika polepole, lakini nitamjibu na kumweleza yote. Sitamwuliza kama ameposwa.